Mfungulieni Mlango Aliyewakimbilia

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu. Nimetoka Seaham, mji wa pwani kaskazini-mashariki mwa Uingereza, nikaenda mpaka Fochriw, kijiji cha mlimani kusini mwa Wales, kwa baiskeli. Zaidi ya kilomita 500, siku tisa, nikivuta tela, na ndani ya tela mbwa wa kilo 27 aitwaye Subira. Sikwenda kutalii wala kujipima nguvu; umri wa kujipima nguvu umenipita. Nilikwenda kwa sababu Seaham kuna shimo na Fochriw kuna kilima, nami nilitaka kuvishona viwili hivyo kwa uzi mmoja, kwa mwendo wa pole, mchana kweupe, watu wakiona na wakiuliza.

Na waliuliza. Hakuna mtu anayeona kichwa kirefu kimechomoza kwenye tela kama gubeti ya mtumbwi, halafu akapita kimya.

Nianze na shimo. Mwaka 2006 gazeti la Sunday Times lilifichua kwamba mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi pale Seaham alikuwa akipokea mbwa wa mbio waliomaliza kazi. Mwenye mbwa anamleta, analipa pauni 10, anaondoka peke yake. Mbwa anapigwa kichwani kwa kile chombo cha machinjioni kinachosukuma msumari wa chuma mpaka ndani ya ubongo, kisha anafukiwa kiwanjani. Gazeti liliandika kwamba huenda wamelala pale mbwa 10,000, waliofukiwa kwa miaka 15.

Mnajua mtu yule alishtakiwa kwa kosa gani? Kufukia taka bila kibali. Faini pauni 2,000. Kumuua mbwa mwenye afya yake, alimradi afe upesi, hakukuwa kosa. Sheria ilipotafuta neno la kukiita kilicholala chini ya udongo ule, ilipata neno moja tu: taka. Na kama hesabu ya gazeti ni ya kweli, faini ile ni peni 20 kwa kila roho. Asubuhi ya kwanza nilisimama kando ya barabara, Subira ameniegemea pajani, nikaomba hesabu hiyo isinitoke kichwani mpaka nifike Wales. Haikunitoka.

Labda hujawahi kumwona mbwa wa aina hii. Waingereza humwita greihaundi. Kifua kama cha ngalawa, tumbo limebonyea mpaka karibu na uti wa mgongo, miguu mirefu, ngozi nyembamba kiasi kwamba ukimulika sikio lake juani unaona mishipa. Anakimbia karibu kilomita 70 kwa saa. Mbwa mwingine hamfikii. Waliotafsiri Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, walipofika Mithali sura ya 30, pale panapotajwa viumbe wenye mwendo wa fahari, waliweka jina lake karibu na simba. Waarabu wa jangwani wana ndugu yake, saluki, na Mbedui asiyekubali mbwa mwingine hemani mwake humpa huyo nafasi ndani. Kwa karne nyingi kiumbe huyu alihesabiwa kuwa heshima ya nyumba.

Kisha tukamgeuza mashine. Mwaka 1919 Mmarekani Owen Patrick Smith alifungua uwanja huko Emeryville, California, ambamo mbwa walimkimbiza sungura wa bandia anayevutwa kwa mtambo. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo ulifika Belle Vue, Manchester, na baada ya hapo Uingereza nzima ikashikwa. Mpaka leo ndivyo ilivyo: mbwa sita ndani ya vizimba, kila mmoja na joho la rangi yake, namba moja jekundu, namba mbili buluu, namba tatu jeupe, namba nne jeusi, namba tano la machungwa, namba sita mistari myeusi na meupe. Mlango unafunguka. Nusu dakika, imekwisha. Anafundishwa tangu utotoni kumfuata mnyama asiye na nyama wala damu, na hatamkamata kamwe.

Sikilizeni kinachotokea ndani ya ile nusu dakika. Mbwa sita wanafika kwenye kona ya kwanza pamoja, kila mmoja anataka upande wa ndani, na hakuna aliyefundishwa kupisha. Wanakwenda kinyume cha saa, kwa hiyo uzito wa mwili kwenye kona huangukia sana mguu wa nyuma wa kulia, na mifupa midogo ya kifundo huvunjika kama biskuti. Bodi inayosimamia mbio hizi Uingereza yenyewe, kwa hesabu zake yenyewe, ilisajili majeraha 3,809 mwaka 2024, na mbwa 123 waliofia uwanjani. Hao ni wa mwaka mmoja, na ni wale walioandikwa.

Siku ya kwanza, nje kidogo ya Seaham, mzee mmoja alitoka langoni kwake akanisimamisha. Nchi ile ni ya wachimba makaa ya mawe. Mashimo yalifungwa, wanaume wakabaki na vikohozi vyao na mbwa wao. Hakuniuliza jina langu. Alipiga magoti, jambo ambalo lilimchukua muda, akampa Subira mkono wa kunusa. Kisha akamshika mguu wa nyuma wa kulia akatelemsha dole gumba polepole, kama mtu anayesoma tasbihi, mpaka akafika kwenye kinundu ambacho mimi nimekijua kwa miaka mitatu. Akasimama hapo hapo. Akafunua sikio la kushoto, akafunua la kulia, akaziona herufi za wino wa kijani zilizochomwa ndani, akasema, "Ireland." Wengi wa mbwa wanaokimbizwa Uingereza huzaliwa Ireland, na mbwa wa Ireland hutiwa chale masikio yote mawili.

"Kona ya kwanza," akasema.

Nikamwambia ndiyo, nadhani ni kona ya kwanza.

Akaniambia naye aliwahi kuwa na mbwa wa mbio, wanane kwa miaka tofauti, na kwamba wawili walikufa wamelala mbele ya moto nyumbani kwake. Sikumuuliza habari za wale sita. Alikuwa bado amepiga magoti na uso wake ulikuwa umekwisha kunijibu. Alichukua noti ya pauni 20 akaisukuma chini ya blanketi la Subira, akamsaidia kupanda telani kwa mikono yake miwili, akafunga zipu mwenyewe. Ndugu zangu, sikuja kuwahukumu wazee kama huyu. Nimekuja kuwaambia kwamba moyo wa mtu unaweza kubeba wawili na kuwaacha sita, na kwamba hao sita humrudia uzeeni.

Kuna mbwa mmoja ambaye hakuachwa. Mick the Miller alizaliwa Ireland, katika kijiji cha Killeigh, na mfugaji wake alikuwa padri, Martin Brophy. Alishinda taji kubwa la Uingereza mwaka 1929 na tena 1930, akapendwa kama mcheza filamu. Alipokufa walimkausha wakamweka katika jumba la makumbusho la Tring, na yumo mpaka leo ndani ya kioo, amesimama wima. Nilikwenda kumwona mwaka juzi. Ni mbwa mzuri. Lakini nilipomtazama nilifikiria kwamba kila mbwa wa Seaham alikuwa na kifua kama kile, na macho kama yale, na tofauti ya kioo na shimo ilikuwa sekunde moja kwenye saa ya mwamuzi.

Sasa nasikia mnachotaka kuniambia, kwa sababu nimeambiwa na watu ninaowapenda.

Shangazi yangu yuko Tanga. Kabla sijaondoka nilimpigia simu. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza safari. Akanyamaza, kisha akasema, "Watoto wa shule hapa mtaani wanakaa chini, madawati hakuna. Wewe unawahangaikia mbwa wa Wazungu?" Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumpa jibu la haraka, maana swali lake ni swali la haki. Nililibeba siku tisa pamoja na mbwa.

Hili ndilo nililolipata njiani, shangazi, nanyi nyote. Huruma haikai kwenye debe kwamba ukimchotea mbwa kata moja, mtoto amepungukiwa kata moja. Waliosimama barabarani kutia chochote kwenye ndoo yangu walikuwa ndio hao hao wanaopeleka chakula kwenye ghala la wenye njaa la mtaani kwao, niliwauliza, wakaniambia. Na aliyejizoeza kumwona kiumbe hai kama chombo cha kutupwa, mazoea yale hayaishii kwa mbwa. Mimi ni muuguzi wa wazee. Nimewaona waliofanya kazi miaka 40 kisha wakawekwa pembeni bila mtu wa kuwashika mkono. Ninalijua jicho la aliyetumika akaachwa. Jicho la Subira siku nilipomchukua lilikuwa hilo hilo.

Na kuna jambo la karibu zaidi. Mbio nyingi za Uingereza hukimbizwa asubuhi na mchana wa siku za kazi, majukwaa matupu, mvua inanyesha, hakuna anayeshangilia. Zinakimbizwa kwa ajili ya kamera, na kamera kwa ajili ya maduka ya kubeti. Sasa tembea katika miji yetu wenyewe. Ingia duka la kubeti, angalia ukutani: mbwa wa kuchorwa kwenye skrini, majoho yale yale, namba zile zile, wanakimbia tangu asubuhi mpaka usiku, na chini yao wamesimama vijana wetu na mikeka ya kubeti mikononi. Mbwa wa kuchorwa hana mfupa wa kuvunjika, ni kweli. Lakini mpwa wangu alipoteza ada ya muhula mzima kwa mbwa namba nne, na mama yake akauza mbuzi. Kinachomtafuna mbwa wa kweli huku na kinachomtafuna kijana wetu kule ni kinywa kimoja. Msiniambie mambo haya hayatuhusu.

Wengine mtaniambia mbwa ni najisi. Naliheshimu neno hilo. Nimekulia katikati ya Waislamu, na jirani aliyeninyonyesha mama yangu alipokuwa mgonjwa alikuwa Mwislamu. Basi acheni niwasimulie ya Burnley, mji mmoja wa njiani.

Siku ya nne tairi la tela lilipata pancha karibu na mfereji, na tyubu yangu ya akiba ilikuwa imechanika kwenye vali. Nikasukuma mpaka kwenye gereji ndogo ya matairi. Kijana wa kazini, wazazi wake wakiwa wametoka Pakistan, alichomoa tairi, akaitumbukiza tyubu kwenye beseni, akatafuta mapovu, akabandika kiraka, akakataa pesa. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, mbali, ushungi ameukusanya vizuri usiguswe. Alimwogopa Subira, nami nikaishika kamba fupi. Joto lilikuwa kali siku ile, ulimi wa Subira ulikuwa nje. Yule mama akaingia ndani, akatoka na bakuli la plastiki limejaa maji. Akaliweka chini, akarudi nyuma hatua tatu, akasubiri. Subira akanywa mpaka chini ya bakuli pakasikika. Mama akaniambia kwa upole kwamba bakuli nisilirudishe, niende nalo.

Hakuvunja sharti lolote la dini yake. Nyote mnaijua hadithi ya yule mtu wa jangwani aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mnamjua na mbwa aliyelala kizingitini pa wale vijana wa pangoni, akahesabiwa pamoja nao. Siwaombi mmlaze kitandani. Nawaombeni bakuli na hatua tatu. Nawaombeni msitie dau juu ya mifupa yake.

Nanyi Wakristo wenzangu, tusijifiche nyuma ya neno "utawala" la kitabu cha Mwanzo. Aliyekabidhiwa zizi huulizwa hali ya zizi. Siku moja tutasimama na kuulizwa, na sidhani kwamba jibu "walikuwa wamekwisha kupunguza kasi" litapokelewa.

Amkeni, basi, kwa sababu jambo hili linawezekana, na mahali pengine limekwisha kufanyika. Florida, mwaka 2018, wananchi waliulizwa kwa kura kuhusu mbio hizi, na karibu asilimia 69 wakasema basi. Kufikia mwisho wa 2020 viwanja vyote vya jimbo lile vilikuwa vimenyamaza. Mwaka huo huo wa 2018, uwanja wa Macau ulifungwa, zaidi ya mbwa 500 wakabaki hawana pa kwenda, na wasamaria wakawatafutia nyumba mmoja mmoja, wengine ng'ambo ya bahari. New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itazikomesha mbio hizi. Serikali ya Wales ilitangaza hivyo hivyo Februari 2025. Hakuna hata mahali pamoja palipoanza na wakubwa. Palianza na mtu mmoja aliyefungua mlango, akamwingiza mbwa asiyejua ngazi.

Ndiyo, hawajui ngazi. Wewe unayeishi Uingereza, Ireland au Marekani ukisoma haya, nataka ujue unachokiingiza ndani, maana kuna watu wanaochukua mbwa kwa machozi wakamrudisha kwa hasira. Amelelewa bandani. Subira alipofika kwangu aligonga uso kwenye mlango wa kioo, mara mbili. Aliogopa mashine ya kufulia. Siku tatu alisimama chini ya ngazi akitetemeka, mpaka nikakaa naye, nikamnyanyua mguu mmoja nikauweka juu, nikanyanyua wa pili, nikausukuma wa tatu kwa goti langu. Ngazi kumi na tatu, dakika arobaini. Hana mafuta mwilini, kwa hiyo baridi humwingia mpaka ndani; lazima umvalishe koti. Paka wa jirani utamlinda. Utamfunga kamba kila mtokapo, kwa sababu akiona kitu kinakimbia, masikio yake huziba na miguu hufunguka. Lakini usidhani anahitaji uwanja. Mbwa huyu mwenye mbio kuliko wote hulala karibu kutwa nzima, chali, miguu minne juu. Akifurahi sana meno hugongana, takataka, takataka, kama mtu mwenye homa. Mara ya kwanza nilidhani anaumwa nikampigia daktari wa wanyama. Na atakuegemea. Hafanyi kingine. Anakuja, anageuka ubavu, anakupa uzito wake wote.

Kama nyumba yako ni ndogo au mwenye nyumba hataki, mchukue kwa muda, wiki sita tu, mpaka apate pa kudumu. Kama huwezi hilo, una gari: mbwa wanahitaji kusafirishwa. Kama huna gari, una kura na una mdomo. Nawe uliye Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura, mwite yule kijana wako leo jioni, kaa naye, umuulize habari za mkeka kwa upole, kabla mama mwingine hajauza mbuzi.

Siku ya tisa nilipanda bonde la Clydach kutoka Abergavenny. Sitawadanganya, nililia. Nilikuwa gia ya mwisho, cheni inalia, mvua usoni, na kilo 27 zinanivuta kurudi nyuma kila nilipokanyaga. Nilikumbuka baba yangu akisukuma baiskeli ya magunia ya mkaa kwenye mlima, kifua juu ya usukani. Nikashuka nikasukuma kama yeye. Subira akatoa kichwa nje, mvua ikamlowesha masikio.

Ni kwa sababu ya masikio nilikuwa naenda kule. Mwaka 2004, mlimani karibu na Fochriw, mpita njia alimkuta mbwa wa mbio amelala. Alikuwa amepigwa msumari kichwani kama wale wa Seaham, na masikio yake yote mawili yalikuwa yamekatwa ili alama zisisomeke. Lakini alikuwa bado yu hai. Alipomwona mtu anamkaribia, alitikisa mkia. Hakukuwa na namna ya kumponya. Alilazwa usingizi wa mwisho. Aliyemfanyia hayo alipatikana akafungwa.

Alitikisa mkia. Wahenga wetu wanasema shukrani ya punda ni mateke. Hapa mateke yalitoka kwa mwanadamu, na shukrani ikatoka kwa mnyama, na kichwa kikiwa na tundu.

Nilifika alasiri. Upepo, majani mafupi, kondoo mbali kule. Nikafungua zipu, Subira akashuka kwa uangalifu, mguu wa kulia wa nyuma mwisho, kama ashukavyo siku zote. Nilimvua koti la mvua nikamvalisha kavu. Nikatoa bakuli la Burnley nikalijaza. Kisha nikayashika masikio yake, moja kila kiganja, mazima, ya baridi, yenye herufi zake za kijani, nikasali kwa Kiswahili kwa sauti, maana hakukuwa na mtu.

Simu ikalia. Ilikuwa Tanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefika?"

"Nimefika."

Akanyamaza. Nilisikia redio yake nyuma, na mtu akitwanga. Kisha akauliza, "Na huyo mbwa, amekula?"